Pua ya Diwani

Sindano ya kumlaza mbwa Diwani usingizi wa moja kwa moja ilikuwa tayari mezani, lakini Daktari Sikudhani hakuwa mtu wa kuhukumu uvimbe asioukagua. Alivuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano kwenye pua iliyovimba, akayatazama kwa hadubini, akatabasamu.

“Si saratani, Mzee Machumu. Ni kuvu ya kwenye mavi ya njiwa. Ameivuta puani, ikasambaa mwilini.”

“Nilimkanya huyu! Njiwa anawanusia nini?” mzee akafoka, huku machozi yakimtoka. “Atapona?”

“Huenda. Dawa ni ya miezi mingi, na lazima ale.”

Mzee akakificha kidonge cha kwanza ndani ya kipande cha ini. Diwani, aliyekuwa amesusa chakula tangu juzi, alikitazama, akakimeza, kisha akaanza kuviramba vidole vya mzee, kimoja kimoja.