Damu Safi ya Bosire

Mashine ilikuwa inasema uongo, na uongo ndio kitu ambacho Bosire hakuvumilia kabisa.

Kabla ya kupima kiasi cha dawa katika damu ya wagonjwa wa kifafa, mashine hulishwa kwanza damu ya mtu asiyetumia dawa hiyo. Isiposoma sufuri, hakuna anayepimwa. Bosire, mkuu wa maabara ndogo mjini Bomet, alikuwa ametoa damu yake mwenyewe. Nani mwingine angeaminika? Lakini skrini ilionyesha dawa, tena ya kutosha.

“Vivian, umechanganya chupa tena!” alimfokea mwenzake.

“Nitachanganya aje na umejitoa damu wewe mwenyewe?”

Alijidunga mara ya pili, kisha ya tatu. Jibu likawa lile lile. Akaitukana mashine, akawatukana walioiuza, kisha akamgeukia Nyabate aliyekuwa akingoja kwenye benchi na binti yake, Edinah. Edinah alikuwa ameanguka mara mbili wiki hiyo, na bila majibu daktari hangejua kama amwongezee dawa.

“Hata bila mashine mimi najua,” Bosire alisema. “Huyu anaficha vidonge chini ya godoro. Nyinyi watu wa kifafa mnaficha ugonjwa, halafu mnatusumbua sisi.”

“Anameza, daktari. Mimi mwenyewe humuangalia.”

Bosire akasonya. Akajimiminia chai kutoka kwenye themosi aliyofungiwa na mkewe, yenye jina CHEPKIRUI lililoandikwa kwa rangi ya kucha isipotelee kanisani. Chai ilikuwa chungu kidogo, kama ilivyokuwa tangu Machi, na ilimchoma ulimi pale alipojiuma usingizini. Mwanamke amezaliwa katikati ya majani chai na hajui kupika chai! Hata hivyo aliimaliza. Chepkirui hakukubali themosi irudi nyumbani na kitu.

Nyabate alilisoma lile jina polepole, uso ukamchangamka.

“Chepkirui ule mrefu, ako na pengo? Kumbe ni bibi yako!”

“Mmejuana wapi?”

“Kwa foleni ya dawa, kule Roret. Kila mwezi tunakaa pamoja. Msalimie sana, daktari, na umpe pole ya huyo mgonjwa wenyu mwenye madharau, ule hataki kuambiwa ati yeye huanguka. Bado anamsagia vidonge kwa chai?”