Sauti Ng'ambo ya Ukuta

Siku hizo, ukihariri habari za mwajiri wako kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ulilazimika kuiazimisha kamusi hiyo sauti yako. Kila aliyeiuliza habari hizo alijibiwa na wewe mwenyewe, jina na kazi yako vikitangulia.

Saumu, mwajiriwa wa kampuni ya maji, alikuwa amehariri sentensi moja tu, ile ya usalama wa maji yao, kwa kuombwa na bosi wake. Jumamosi alirudi kutoka sokoni akamkuta mama mkwe wake amezima jiko kabla maji ya kunywa hayajachemka.

"Nimeiuliza kamusi kama kuna haja ya kuyachemsha," mama mkwe akasema, "ukanijibu wewe kwamba yanywewe yalivyo."

"Lakini mama, si umesikia nikisema nimeajiriwa huko?"

"Nimesikia, ndiyo maana nikaamini. Kampuni siijui, wewe nakujua. Utawapaje watu maji usiyoweza kumpa mwanao?"

Tunu, bintiye Saumu, alikuwa ameshainua kikombe. Saumu akampokonya, akamwaga maji, akawasha jiko upya bila kumtazama mkwewe machoni.

Ndipo, ng'ambo ya ukuta, akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu kabisa, ikimjibu jirani.