Kiganja cha Mzee Kihwelo

Mzee Kihwelo, aliyemfundisha Nyamizi kunyoosha bodi za magari, alikuwa akiapa kwamba hakuna gari lililogongwa litakalokidanganya kiganja chake. Basi Nyamizi akamwita gereji, akamwonyesha gari jekundu la mbio lililomzidi yeye umri. Alikuwa ameshalinyoosha, lakini hakumwambia lilikuwa limegongwa upande gani.

Mzee akafumba macho, akapitisha kiganja kwenye mlango wa kushoto. Akatia njiti ya kiberiti kwenye upenyo kati ya mlango na madigadi, kupima kama umelingana. Ikateremka hadi chini bila kukwama. Akazunguka kulia. Katikati ya mlango, mkono ukasita.

"Hapa pana wimbi!" akatamba. "Hapa ndipo ulipopiga nyundo, binti."

"Huo haukuguswa, Mzee. Ndivyo ulivyotoka kiwandani."

Mzee akafumbua macho. Akarudi kushoto, akaupapasa tena mlango ule taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nyamizi alikaza midomo asicheke.

"Nyundo yako iko wapi?"

Akampa. Mzee akaigeuzageuza, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Na ule wa kulia uunyooshe, ulingane na wako, fundi."