Sauti ya Tausi

Mwanafunzi akiripoti kwamba mwalimu amemshika vibaya, shule huitoa sauti ya mwanafunzi huyo kooni na kuifungia kama ushahidi. Kesi ikiisha, anarudishiwa. Ndiyo sheria.

Ya binti yangu Tausi ina miezi minane huko. Nyumbani akiniita hugonga sufuria kwa mwiko. Mwalimu Kihongosi, aliyemshika, bado anafundisha na sauti yake mwenyewe anayo.

Jana nilimvamia mwalimu mkuu ofisini kwake.

"Mama Tausi, subira huvuta heri," aliniambia huku akikoroga chai.

"Subira hiyo kampe binti yako! Sauti ya mwanangu iko wapi?"

"Iko salama. Tunaitunza vizuri sana."

Leo asubuhi tulikuwa tunakunywa uji, simu ikaita. Lilikuwa tangazo la shule, lile wanalowapigia wazazi wote. Nikaweka spika.

"Shikamooni wazazi! Karibuni muandikishe watoto. Hapa shuleni tuko salama, na walimu wetu tunawapenda."

Ilikuwa sauti ya Tausi. Mwenyewe alikuwa mbele yangu, ameshika mwiko, anaigonga sufuria kwa nguvu zake zote ili sauti hiyo isisikike.