Filimbi ya Mlinzi

Ndege ya wabunge waliokuja kukagua usalama wa uwanja ilipita chini, vumbi likatimka, ikapanda tena. Ng'ombe waliolala katikati ya njia yake hawakunyanyuka.

Afisa wa uwanja alimgeukia Benedicta, mjane wa mlinzi, aliyekaa na nguo zake nyeusi kwenye kiti cha mashahidi.

"Mama, hebu kawaswage wale."

Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe. Uwanja huu hauna uzio. Rubani hupita mara moja kumshtua mlinzi, mlinzi hupuliza filimbi na kukimbia, na ndege ikirudi inatua. Mwezi uliopita ilirudi mlinzi akiwa bado katikati ya njia, fimbo juu, ikamgonga.

Asubuhi afisa alikuwa amewafungia wafugaji wote kwenye darasa la shule ya jirani, wasije wakawalalamikia wabunge. Ng'ombe hakuna aliyewakumbuka. Kisha akamfundisha Benedicta ushahidi wake.

"Wakikuuliza, sema marehemu alikuwa amelewa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Sasa alikuwa anamnyooshea filimbi ileile ya marehemu. Mdomo wake wa plastiki ulikuwa umetafunwa, na alama za meno ya mbele zilionekana wazi, jino moja likiwa limepinda.

"Mama, inarudi! Magurudumu yameshatoka!"

Benedicta aliipokea. Akaifuta vumbi kwa pindo la kitenge, polepole, mpaka kwenye alama ya lile jino lililopinda, kisha akamrudishia afisa mkononi.

"Kimbia wewe, baba," alisema. "Wewe hujalewa."