Jibu la Swali la Tisa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Tunu alipokea ukurasa mmoja wa maswali ya wanachama na majibu ya kamati, wa kutafsiriwa kwa Kiswahili kabla ya adhuhuri. Kwa miaka sita alikuwa akilitafsiria baraza linalosimamia majina ya anwani za intaneti, kwa kujitolea, na hakuwahi kukanyaga ukumbi wa mikutano yake.

Alisoma swali la tisa. Nani wamelipiwa nauli ya mkutano wa mwaka huu, na kwa vigezo gani? Jina la muulizaji lilikuwa limefutwa.

Alimpigia simu mratibu wa wafasiri, Halfani.

"Kaka, hili swali ni langu."

"Basi leo hutasumbuka kutafuta maana." Halfani alicheka peke yake. "Tafsiri tu, dada. Mwingine sina."

"Na ombi langu la nauli?"

"Jibu si unalo hapo?"

Jibu lilikuwa sentensi moja. Tunu aliitafsiri bila kuilainisha: "Kamati haitoi majina wala sababu." Aliihakiki mara mbili. Chini yake, penye nafasi ya jina la mfasiri, ambapo siku zote aliandika "mjitoleaji", aliandika majina yake yote matatu, akatuma.