Tuta la Mwanaima

Chirau alimlaza mwanasesere kwa ubavu wa kulia, uso kibla, kama alazwavyo mtu, kisha akamfukia kwa mikono ili jembe lisisikike kwa jirani.

Mvua za masika zilikuwa zimelainisha udongo. Bamia zilikwisha kuchipua na mchicha ulikuwa umefunga tuta lote, mboga alizopanda marehemu mkewe na zikawa zinajiotea zenyewe. Chirau alizing'oa bila kuzitazama. Alihitaji nafasi ya makaburi.

Angefanyaje? Bendera ilibadilishwa, lakini kamba ya kupimia ardhi ilibaki ile ile, imeshikwa na mikono mingine tu. Wakubwa wa ardhi walikuwa wametoa neno barazani: mwenye makaburi ya watu wake shambani ni mwenyeji, atapewa kipande chake. Asiyekuwa nayo ni mpita njia, avunje nyumba aondoke.

Na Chirau hakuwa na kaburi hata moja. Baba yake alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu, hakuna ajuaye amelala wapi. Mkewe Mwanaima alifia hospitali ya mbali akazikwa huko huko, kwa kuwa wakubwa hawakuwa na gari la kuirudisha maiti. Gari la kuja kupima mashamba ya watu walikuwa nalo.

Watoto hawakupata. Alichoacha Mwanaima ni kapu la wanasesere: wa magunzi ya mahindi, wa vibuyu, wa matambara. Miaka ile Chirau akikata miwa Ramisi, akirudi nyumbani mara chache kwa mwaka, kuna safari alikuta mwanasesere mpya kapuni, tuta limeongezwa urefu uani, na chungu kimoja kimepungua jikoni. "Kimevunjika," Mwanaima husema. Mwanamke mzima anacheza, na mwanamume mgongo unamkatika kwenye miwa.

Safari moja alikuta Mwanaima amechana leso yake ya michoro ya korosho, ile ya manjano aliyomnunulia Msambweni, akamvika mwanasesere.

"Leso nzima, Mwanaima?"

"Nusu," alijibu. Usiku ule Chirau alilala amempa mgongo, na asubuhi akarudi kwenye miwa bila kuaga.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?"

Chirau aliinua kichwa kutoka kwenye tuta. Alikuwa ni Bi Mwanapili, mkunga mzee wa jirani, amesimama kwenye ua wa makuti.

"Shikamoo, mama. Napalilia."

"Marahaba. Palizi gani hiyo, inang'oa mchicha inaacha magugu?"

Kikongwe akalitazama lile tuta kwa muda mrefu.

"Mwanaima alikukataza kutia jembe hapo."

"Mwanaima hayupo, mama. Wapimaji wanakuja kesho. Unataka nikalale wapi, barabarani?"

"Basi usizamishe," alisema Bi Mwanapili. "Juu juu tu." Akaenda zake.

Wapimaji walifika kukiwa na manyunyu. Bwana wao alikuwa mtu wa bara, viatu vyake vimejaa tope, na majirani walimfuata nyuma kama wafuatao ngoma.

"Haya ndiyo makaburi yako, mzee? Mbona mafupi hivi?"

"Ya watoto, bwana."

"Watoto wako?"

"Wa mke wangu."

"Hawa hapa wananiambia mke wako hakuzaa."

"Watu husema mengi."

"Na kaburi la zamani linaota udongo mpya?"

"Masika haya, bwana. Mvua imeyala, nimeyarudishia."

"Hata sisi kwetu tunalima, mzee." Bwana mpima akamwashiria askari wake. "Fungua hilo la mwanzo."

"Maiti haifukuliwi, bwana. Ni haramu."

"Maiti ndiyo haifukuliwi. Ngoja tuone kama ni maiti."

Askari hakuchimba sana. Alichopoa kitu kwa mguu, akakikung'uta tope: mwanasesere wa matambara, amevaa kipande cha leso ya korosho. Kicheko kilianzia kwa bwana mpima kikaenda mpaka kwa majirani.

"Jamani, mama yake yuko wapi?" mtu mmoja akauliza. "Aje amnyonyeshe."

Chirau alipiga magoti kwenye mchicha uliong'olewa. Kilemba kilimwanguka, hakukiokota.

"Nitakwenda wapi, bwana? Nina miaka mingapi ya kwenda kuanza pengine?"

"Hayo ungeyafikiri kabla ya kutufanya wajinga. Nyumba uivunje kabla mvua hazijaisha." Kisha, kwa kuwa watu bado walikuwa wakicheka na yeye alipenda kuchekewa, akamgeukia askari. "Hebu chimba mpaka chini. Huenda amemzika na kitanda chake."

Wakacheka tena, wote isipokuwa Bi Mwanapili. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa leso, midomo ikimtikisika kama mtu anayesoma dua.

Jembe likazama, likazama tena, likagonga kitu kikalia kama kigae. Askari akainama, akapapasa topeni kwa mikono miwili, akatoa chungu kidogo cha kupikia, mdomo wake umezibwa kwa udongo. Akaubandua kwa kidole. Akachungulia. Taratibu akavua kofia yake, akampokeza Chirau kile chungu.

Ndani mlikuwa na mifupa ya kichanga, myembamba kama njiti za kiberiti, imefungwa kwa nusu ya pili ya leso ya korosho.